Kujumlisha na Kutoa: Anga Lilelile kwa Usiku Nyingi



Tarehe 18 Desemba 1995 darubini ya Hubble iligeuzwa kuelekea kipande cha anga kilichochaguliwa kwa sababu kilionekana kitupu. Kipo upande wa kaskazini, katika kundi la nyota la Dubu Mkubwa, na upana wake haufiki sehemu moja ya kumi ya upana wa mwezi mpevu. Hakikuwa na nyota angavu, wala galaksi ya kutajika, wala wingu la gesi. Darubini ikabaki hapo hadi tarehe 28, siku kumi mfululizo, ikaizunguka dunia mara 150 na kupiga picha 342 za mahali palepale.

Aliyeamua hivyo ni Robert Williams, wakati huo mkurugenzi wa taasisi inayoendesha darubini hiyo huko Baltimore, Marekani. Mkurugenzi ana fungu lake la muda wa darubini, analolipanga atakavyo, naye akaamua kulitumia kwenye patupu. Haukuwa uamuzi mwepesi. Mwaka 1990 John Bahcall na wenzake walikuwa wamechapisha katika jarida la Science hesabu zilizoonyesha kwamba Hubble haitatuletea galaksi nyingi mpya kupita zile zilizokwisha kuonekana kwa darubini za ardhini. Hubble yenyewe ilikuwa mgonjwa aliyetoka juzi hospitalini: ilirushwa mwaka 1990 ikiwa na kioo kilichonolewa vibaya, na wanaanga wakaenda kuirekebisha huko juu Desemba 1993. Siku kumi za kupiga picha ya giza zingeweza kuwa fedheha ya pili. Picha 342 zilipopandanishwa, katika kile kitundu cha giza zikahesabiwa galaksi zipatazo 3,000.

Nimeanza na picha hiyo kwa kuwa karibu kila mtu ameiona. Wengi, hata hivyo, wameisikia nusu ya habari yake. Nusu ya pili ilitokea miaka miwili baadaye, nami nitaifikia.

Tunaposikia mtu anapiga picha mahali pamoja pa anga kwa usiku nyingi, tunadhani anatafuta picha nzuri zaidi, basi. Mimi nadai kwamba kuna kazi mbili humo, na kwamba kazi hizo zinagombana. Ya kwanza ni kujumlisha. Unachukua usiku wa jana, wa leo na wa kesho, unapandanisha picha zake, na kilichokuwa hafifu kinajitokeza. Ya pili ni kutoa. Unachukua usiku wa leo, unaondoa wa jana, na kinachobaki ni kile kilichobadilika. Anayejumlisha anataka anga litulie. Anayetoa anaomba litikisike. Ugomvi unakuja hapa: mashine ya kujumlisha, ikifanya kazi yake barabara, inakitupa jalalani kile hasa anachokitafuta mtu wa kutoa.

Tuanze na kujumlisha, na kwa nini kunahitajika.

Mwanga unatufikia kwa chembe mojamoja, fotoni, na chembe hizo hazina ratiba. Chukueni wingu la gesi ambalo kwa wastani linaangusha fotoni 100 kila usiku kwenye nukta moja ya kamera. Usiku mmoja zitafika 93, mwingine 108, mwingine 100 kamili. Ukubwa wa mtikisiko huo unakadiriwa kwa kipeuo cha pili cha idadi yenyewe: kipeuo cha 100 ni 10, kwa hiyo hesabu yako ina shaka ya asilimia 10. Ukikusanya fotoni 10,000, kipeuo ni 100, na shaka imeshuka hadi asilimia 1. Shaka hiyo ndiyo inayoonekana kwenye picha kama chengachenga.

Sasa tazameni sheria hii inavyobana. Usiku nne zinapunguza chenga kwa nusu zikilinganishwa na usiku mmoja. Ukitaka kuzipunguza kwa nusu tena, unahitaji usiku kumi na sita. Kisha sitini na nne. Usiku wa pili unakupa faida utakayoiona kwa macho. Usiku wa thelathini unakupa faida utakayoiona kwa imani. Watu wengi wanaacha kati ya huo na huo, na siwalaumu.

Kamera nayo inaleta matatizo yake: joto la kihisi, umeme wa kusomea picha, vumbi kwenye lenzi. Dawa zake zipo, kama vile kupiga picha lenzi ikiwa imefunikwa, au kupiga anga la alfajiri lenye mwanga sawa pande zote ili uondoe madoa. Sitazikalia; programu yoyote ya bure itawaelekeza. Nitasema moja tu, kwa sababu wanaoanza huikosea kwa kujitahidi mno. Usirudishe kamera palepale kabisa. Isogeze kidogo, nukta kadhaa, kati ya picha na picha. Nukta mbovu ya kihisi inabaki pale ilipo kwenye kamera, ilhali nyota inahama. Ukizipanga picha kwa kufuata nyota, nukta mbovu inatawanyika na kufutika. Hubble nayo ilisogezwa hivyo mwaka 1995, na Andrew Fruchter na Richard Hook wakabuni hesabu ya kuziunganisha picha hizo ili undani wake uzidi ule wa picha yoyote ikiwa peke yake. Hesabu hiyo leo imo katika programu za bure wanazotumia wapigapicha wa nyumbani.

Lakini yupo adui ambaye kujumlisha kunamchelewesha tu, hakumshindi: taa za mji. Mwanga wa mji unaotawanywa na hewa ni mwanga kama mwingine, nao una chenga zake, zinazozamisha kila kitu hafifu. Anga la mjini likiwa na mwanga mara 25 ya lile la porini, usiku mmoja wa porini unakuwa na thamani ya usiku 25 za mjini. Kijana wa Kariakoo, hapa Dar es Salaam, akiniuliza anunue darubini gani, mimi humwuliza kwanza nauli ya basi la kwenda kwa bibi yake ni shilingi ngapi.

Wazee wa kazi hii walijumlisha ndani ya kioo. Henry Draper, daktari wa New York, ndiye wa kwanza kupata picha ya wingu kubwa la gesi lililo katika kundi la Jabari. Ilikuwa tarehe 30 Septemba 1880, na aliacha bamba la kioo wazi kwa dakika 51. Machi 1882 alirudi kwenye wingu lilelile akaacha bamba wazi dakika 137, na nyota ambazo bamba la kwanza halikuziona zikajitokeza. Alifariki mwaka huohuo.

Usiku mmoja, hata uwe mrefu vipi, una mwisho. Vesto Slipher, kwenye kituo cha Lowell huko Flagstaff, Arizona, alitaka spektra ya galaksi ya Andromeda, yaani mwanga wake uliotandazwa rangi kwa rangi. Mwanga ukitandazwa hivyo, kila rangi inabaki na kidogo mno. Mwisho wa mwaka 1912 aliweka bamba moja kwenye chombo chake tarehe 29 Desemba, akalifunika kulipokucha, akalifunua tena tarehe 30, akalifunika, akalifunua tarehe 31, na mwaka mpya ukamkuta kazini. Bamba moja, usiku tatu. Kutokana na bamba hilo na mengine ya miezi ile, alipata kwamba Andromeda inatujia kwa kasi ya kilomita 300 hivi kwa sekunde.

Milton Humason wa Mount Wilson, California, alikwenda mbali zaidi. Huyu aliacha shule akiwa na miaka 14. Alianza kwa kuswaga nyumbu waliopandisha mizigo mlimani wakati kituo kinajengwa, akawa mfagizi wa kituo, akaishia kuwa mmoja wa wanafalaki wake. Kwa galaksi iitwayo NGC 7619 alihitaji bamba moja la saa 33 na jingine la saa 45. Hakuna usiku wa saa 45. Zilikusanywa usiku kwa usiku, yeye akiwa juu ya darubini katika baridi ya mlimani, jicho kwenye lenzi ya kuongozea, mkono ukiirudisha nyota mahali pake kila ilipoteleza. Mwaka 1929 akachapisha matokeo: galaksi hiyo inatukimbia kwa kasi ya kilomita 3,779 kwa sekunde, kubwa kuliko yoyote iliyokuwa imepimwa hadi hapo.

Ninawaheshimu sana watu hawa, lakini liangalieni bamba lenyewe. Kwenye kioo, kujumlisha hakuna kurudi nyuma. Usiku wa tatu ukiingiwa na ukungu, au mtu akaigonga nguzo ya darubini, huwezi kuuchomoa usiku huo ukabaki na ule wa kwanza na wa pili. Zimeshakuwa kitu kimoja. Na kama kuna jambo lilitokea usiku wa pili peke yake, limezikwa humo milele.

Ndiyo maana waliotaka kutoa walifanya kinyume: bamba moja kwa kila usiku, tarehe imeandikwa, likapelekwa kabatini.

Henrietta Leavitt alifanya kazi Harvard, Massachusetts, mahali ambapo Mawingu ya Magellan hayachomozi kamwe. Sisi tunayaona. Usiku wa Desemba, palipo na giza la kutosha, tazama kusini, si juu sana: mabaka mawili yaliyofifia ambayo mgeni hudhani ni mawingu ya mvua yaliyosahau kuondoka. Hizo ni galaksi mbili ndogo, jirani zetu. Mabamba ya Leavitt yalipigwa na kituo ambacho Harvard ilikuwa nacho Arequipa, Peru, yakasafirishwa kwa meli. Leavitt alichukua bamba la usiku mmoja lililogeuzwa, nyota nyeupe juu ya weusi, akalilaza juu ya bamba la usiku mwingine ambalo halijageuzwa, nyota nyeusi juu ya weupe. Nyota isiyobadilika inajifuta. Iliyobadilika inaacha alama. Huko ndiko kutoa, na kulifanyika kwa vioo viwili na jicho la mtu mvumilivu.

Mwaka 1908 alichapisha orodha ya nyota 1,777 zinazopanda na kushuka mwanga katika mawingu hayo. Mwaka 1912, kwa kutumia 25 kati ya zile za Wingu Dogo, alionyesha kwamba nyota za aina iitwayo sefeidi zina desturi moja: inayochukua muda mrefu kutoka kilele hadi kilele ndiyo yenye mwanga mwingi kwa asili. Ukijua muda wake, unajua mwanga wake halisi. Ukijua mwanga halisi na ukaulinganisha na unaokufikia, unajua umbali.

Edwin Hubble, ambaye darubini ya leo imepewa jina lake, aliipeleka kanuni hiyo Andromeda. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 1923, kwenye darubini ya inchi 100 ya Mount Wilson, alipiga bamba la dakika 45 na kuona juu yake vitone vilivyoonekana vigeni. Aliviwekea herufi N, akidhani ni nova, nyota zinazowaka ghafla na kufifia. Kisha akaenda kwenye mabamba ya zamani ya kituo, yaliyopigwa na watu wengine kwa miaka mingi kwenye galaksi ileile. Kitone kimoja kilikuwa kinapanda na kushuka. Akaikata N na kuandika pembeni VAR, na alama ya mshangao. Ilikuwa sefeidi, ya siku 31 na ushee. Umbali alioupata ulikuwa karibu miaka ya nuru 900,000. Leo tunasema milioni mbili na nusu, lakini hata ile 900,000 ilitosha kuiweka Andromeda nje kabisa ya galaksi yetu, Njia Nyeupe. Vitabu vinamsifu Hubble, na anastahili. Kwangu mimi shujaa wa kisa hiki ni lile kabati.

Kisa cha Clyde Tombaugh nakipitia haraka kwa kuwa kinafundishwa shuleni. Bamba la tarehe 23 Januari 1930 na la tarehe 29, sehemu ileile ya kundi la Mapacha, chombo cha kupepesa bamba hili na lile mbele ya jicho, na tarehe 18 Februari kitone kimoja kikaruka. Pluto. Angezijumlisha usiku zile mbili angepata vitone viwili hafifu katikati ya umati wa nyota, na asingegutuka.

Pwani yetu nayo ina ukurasa wake hapa, na inashangaza jinsi tunavyousahau. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini na Waitaliano karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Haikuwa na kamera ya mwanga tunaouona. Ilitazama eksirei, ikijizungusha polepole, mara moja kwa dakika 12 hivi, ikipita juu ya ukanda uleule wa anga tena na tena. Timu yake iliongozwa na Riccardo Giacconi. Walikuta chanzo kimoja, Centaurus X-3, kinapigapiga kila sekunde 4.8. Ajabu zaidi, kila baada ya siku mbili na kidogo kilizimika kwa karibu nusu siku, kisha kikarudi. Hapo wakajua: kuna mabaki ya nyota yanayoizunguka nyota kubwa na kufichwa nyuma yake. Kutazama mara moja kusingekuambia hilo, hata ungetazama kwa chombo chenye nguvu kiasi gani. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kabla ya hapo alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa ileile taasisi ya Baltimore ambayo Williams aliirithi.

Turudi basi kwenye kamera za leo.

Kihisi cha kielektroniki kinasifiwa kwa wepesi wake wa kunasa mwanga, na ni kweli: bamba la kioo lilipoteza sehemu kubwa ya mwanga uliolifikia, na lilichoka kadiri ulivyoliacha wazi. Naona sifa yake kubwa iko kwingine. Kihisi kilitenganisha kunasa na kujumlisha. Humason alijumlisha akiwa juu ya mlima, gizani, bila nafasi ya kujuta. Wewe unajumlisha wiki ijayo, mezani, na chai pembeni. Ile picha maarufu ya mwaka 1995 ni picha 342, na kila moja ipo hadi leo kwenye kumbukumbu, na tarehe na saa yake.

Kwa nini hawakuacha shata wazi kwa muda mrefu mara chache? Sababu moja ni miale ya anga, chembe zenye kasi zinazogonga kihisi na kuacha michirizi. Picha zikiwa nyingi, programu inaipitia kila nukta na kulinganisha thamani zake zote. Iliyojitenga na wenzake inatupwa. Hivyohivyo kwenye kamera yako: setelaiti ilipita kwenye picha moja kati ya arobaini, mstari wake unafutwa na hujui hata kama ulikuwapo. Ndege ya usiku vilevile. Ni kazi nzuri, na bila hiyo siku hizi, kwa wingi wa setelaiti tulizojaza huko juu, usingepata picha safi.

Ila programu haina elimu. Haitofautishi setelaiti na asteroidi. Haijui kwamba ile nukta iliyong'aa usiku wa mwisho peke yake ni nyota iliyolipuka. Kwake vyote ni kosa, na makosa yanafutwa. Mtu anaweza kulipiga picha jambo la ajabu, akaliondoa kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaisambaza picha safi na kupongezwa.

Sasa ile nusu ya pili. Desemba 1997 Ronald Gilliland na Mark Phillips waliirudisha Hubble kwenye kipande kilekile cha Dubu Mkubwa. Wakapiga upya, kisha wakazitoa picha za mwaka 1995. Galaksi zote 3,000, zile zilizowaduwaza walimwengu, zikajifuta. Vikabaki vitone viwili. Vilikuwa supanova, nyota zilizolipuka. Kimoja kilipewa jina SN 1997ff, na mwaka 2001 Adam Riess na wenzake wakakionyesha ni kitu gani. Walisaidiwa na picha nyingine za mahali hapo ambazo kamera ya infraredi ya Hubble ilikuwa imezipiga kwa shughuli tofauti kabisa, na kwa bahati zikaikuta nyota hiyo ikiendelea kuwaka. Mwanga wake ulikuwa umesafiri kwa kama miaka bilioni 10. Hakuna supanova ya mbali hivyo iliyokuwa imejulikana, na mwangaza wake ulilingana na ulimwengu ambao zamani ulikuwa unapunguza kasi ya kutanuka, kabla ya kuanza kuiongeza.

Picha moja, basi, imefanya kazi zote mbili. Ilijumlishwa ikatupa galaksi. Ikatumika kama kitu cha kutoa, ikatupa mlipuko. Isingewezekana kama mwaka 1995 wangebaki na jumla peke yake bila kumbukumbu ya sehemu zake.

Nina mfano mmoja zaidi wa kujumlisha, na huu ni wa watu wasio na darubini ya serikali. Kati ya Agosti na Novemba 2022 Yann Sainty, Mfaransa, aliipiga galaksi ya Andromeda kwa darubini ya lenzi ya milimita 106, kitu unachoweza kukibeba kwapani. Alirudi kwake usiku kwa usiku hadi akakusanya zaidi ya saa 100. Kwa sehemu ya saa hizo alitumia kichujio kinachopitisha mwanga wa gesi ya oksijeni peke yake. Akishirikiana na Xavier Strottner na Marcel Drechsler, wakaona kando ya Andromeda tao kubwa la buluu, upana kupita wa miezi mipevu miwili iliyopangwa sambamba. Galaksi hiyo imepigwa picha tangu karne ya 19, na tao halikuwa kwenye orodha yoyote. Lilitangazwa Januari 2023, katika andiko walilolitoa pamoja na wanafalaki wa vyuoni. Kama liko jirani yetu ndani ya Njia Nyeupe au kule Andromeda, wataalamu wanaendelea kubishana.

Ninachokipenda katika kisa hicho ni shaka yao. Ukijumlisha saa mia moja, unajumlisha pia dosari za lenzi yako saa mia moja. Mng'ao wa nyota angavu ndani ya kichujio unaweza kuchora tao zuri tu. Kwa hiyo waliwaomba wapigapicha wengine, wenye vyombo vingine, mahali pengine, walitafute. Likaonekana. Anayefanya kazi peke yake ana kipimo kingine: gawa usiku zako mafungu mawili, na kwa fungu la pili izungushe kamera kwenye darubini. Jumlisha kila fungu peke yake. Sasa toa moja kwenye jingine. Kitu kilicho angani kitajifuta, kwa sababu kimo katika yote mawili mahali palepale. Kilicho kwenye kihisi kitabaki, kimegeuka pamoja na kamera. Mnaona kwamba hata mtu wa kujumlisha, akitaka kuaminiwa, lazima atoe.

Darubini mpya ya Vera Rubin huko Chile, iliyoonyesha picha zake za kwanza Juni 2025, imejengwa ifanye yote mawili kwa pamoja. Kwa miaka kumi itarudi kwenye kila kipande cha anga lake la kusini mara 800 hivi. Kwenye kila picha mpya itatolewa ile ya zamani ndani ya dakika, na tofauti itatangazwa dunia nzima. Zote zitajumlishwa pia, polepole, kupata kina. Anga lake ni lile tunaloliona sisi kwa sehemu kubwa, jambo ambalo wanafunzi wetu wa fizikia wasingoje kuambiwa mara ya pili.

Nimalizie na sisi wenyewe, na lile wingu la Draper. Wakazi wa Dar es Salaam wamependelewa: wingu la Jabari linapita karibu kabisa na utosi. Katikati ya Januari linafika juu kati ya saa nne na saa tano usiku, na mwanga wake unapita katika hewa nyembamba kuliko unavyopita kwa mtu wa Ulaya. Kila usiku linafika mapema kwa dakika nne, kwa hiyo anayetaka pembe ileile awahi hivyo. Mwezi mpevu muuache upite. Masika yakikaribia msimu umekwisha, ungoje Desemba nyingine.

Shida yetu ni ncha. Stendi inayofuata nyota inatakiwa ielekezwe kwenye ncha ya anga, na vitabu vingi vinamwambia msomaji atafute nyota ya kaskazini. Hapa Dar nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho daima. Ncha ya kusini iko nyuzi saba tu juu ya ardhi, nyuma ya ghorofa la jirani, na haina nyota angavu. Itabidi uielekeze stendi kwa kukisia, uitazame nyota moja kwa dakika kadhaa inateleza upande gani, urekebishe, utazame tena. Inachosha usiku wa kwanza. Ukiweka alama za miguu ya stendi sakafuni, usiku wa pili inachosha kidogo.

Asiye na stendi asikae pembeni. Kati ya mwisho wa 2019 na Februari 2020, Betelgeuse, ile nyota nyekundu ya begani mwa Jabari, ilififia hadi kubaki na kama theluthi ya mwanga wake wa kawaida, kisha ikarudi. Iliyoifunika, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, ni vumbi ililolitapika yenyewe, pamoja na kupoa kwa sehemu ya uso wake. Jambo hilo lilionekana kwa macho matupu. Kamera ya kawaida juu ya ukuta wa nyumba, sekunde chache, lenzi pana, ingelirekodi usiku kwa usiku kwa kulinganisha Betelgeuse na jirani zake walewale. Anayetaka kufanya hivyo msimu huu aache mipangilio ya kamera bila kuibadilisha, ahifadhi faili halisi kabla programu haijaligusa, na jina la kila faili liwe na tarehe na saa. Kuhusu ukubwa wa diski itakayohitajika, naona mikono imeshainuka. Tuanze na huyo wa nyuma kabisa.